Maikrofoni Ipi Ikufae? Vidokezo 12 kwa Wanaorekodi Muziki Mbeya na Iringa

Kompyuta mpakato, saundi kadi, hedifoni na maiki: siku hizi vitu hivyo vinatosha kutoa wimbo wa kusikika nchi nzima ukiwa chumbani kwako Mwanjelwa au Kihesa. Rayvanny, kijana wa Mbeya, alitwaa tuzo ya BET mwaka 2017, na nyuma yake kuna vijana wengi wa Nyanda za Juu Kusini wenye sauti, mashairi na hamu ya kufika mbali. Wengi hukwama kwenye ununuzi wa kwanza. Wanakwenda dukani na jina la maiki waliyoiona kwenye video ya msanii mkubwa, wanaibeba hadi nyumbani, kisha wimbo unatoka na mwangwi wa ukuta na mlio wa bodaboda.

Anza na chumba chako, sauti yako na hali ya hewa ya huku kwetu. Jina na bei vitafuata. Vidokezo hivi vitakusaidia, uwe mrapa, mwalimu wa kwaya au mpiga ngoma.

1. Pima chumba kabla ya kwenda dukani

Simama katikati ya chumba, piga kofi moja kali, usikilize. Likikatika mara moja, chumba kinafaa. Likiacha mlio mkali unaotetemeka hewani, ujue ukuta wa saruji na sakafu ya vigae vinakurudishia sauti, na maiki itakunasa wewe pamoja na ukuta. Kisha kaa kimya kwa dakika chache na uandike kila unachosikia: friji, jogoo, bajaji, watoto wanaotoka shule. Orodha hiyo ndiyo itakayoamua aina ya maiki utakayonunua.

Mahali unapokaa pana uzito mkubwa. Barabara kuu ya kwenda Zambia inapita ndani ya Jiji la Mbeya, na anayeishi karibu na Mafiati au Uyole anausikia muungurumo wa malori ya Tunduma usiku na mchana. Iringa mjini iko juu kilimani na barabara hiyo inapita chini Ipogolo, kwa hiyo mtu wa Gangilonga ana utulivu ambao mwenzake wa bondeni hana.

Baridi yetu imetuachia dawa nzuri ya mwangwi: mablanketi mazito. Wengi huyatundika nyuma ya maiki. Anza kuyatundika nyuma ya mwimbaji, maana huko ndiko maiki inakotazama, na huko ndiko inakonasa sauti inayorudi kutoka ukutani. Godoro lililosimamishwa na kabati lililojaa nguo navyo husaidia sana.

2. Zijue dainamiki na kondensa

Maiki ya dainamiki ina koili ndogo ya waya iliyoshikamana na utando mwembamba, ndani ya uga wa sumaku. Sauti ikiutikisa utando, koili nayo hutikisika na umeme mdogo huzaliwa. Ni ngumu, haihitaji umeme wa nje, na husikia zaidi kilicho karibu nayo. Shure SM58, inayoonekana mikononi mwa waimbaji makanisani na kwenye matamasha tangu ilipotoka mwaka 1966, ni ya kundi hili.

Kondensa hutumia utando mwepesi sana mbele ya bamba lenye chaji ya umeme. Inanasa pumzi, ncha za ulimi na mng'ao wa nyuzi za gita. Kwa kawaida huhitaji umeme wa volti 48 kutoka kwenye saundi kadi au mikisa. Wepesi huo wa kusikia ni neema katika chumba kilichotulia na ni mateso katika chumba chenye kelele.

Ipo pia ya riboni, yenye ukanda mwembamba wa chuma. Sauti yake ni laini, lakini ukanda huo huharibika kwa urahisi. Anayeanza anaweza kuiacha kwanza.

Kwa ufupi: chumba chenye kelele au mwangwi, nunua dainamiki. Chumba kimya kilichozibwa vizuri, kondensa itakulipa.

3. Usiisahau mvua juu ya bati

Mvua za huku huanza mwishoni mwa mwaka na kuendelea hadi Aprili au Mei, na Tukuyu ni miongoni mwa maeneo yenye mvua nyingi zaidi nchini. Nyumba nyingi ni za bati, na hakuna maiki ya bei yoyote itakayofuta mvua ya mawe juu ya bati lisilo na dari. Dainamiki iliyo karibu na mdomo itaipunguza, kondensa itaikuza.

Panga kalenda yako. Rekodi sauti na ala za taratibu kati ya Juni na Oktoba, na miezi ya mvua itumie kutengeneza biti, kuandika mashairi na kufanya miksi. Ukilazimika kurekodi msimu wa mvua, amka alfajiri au subiri usiku mkavu. Kama unajenga chumba cha kurekodia, weka dari kwanza kabla ya kufikiria maiki ya pili.

4. Ipe mgongo kelele

Maiki nyingi za kuimbia zina umbo la kusikia liitwalo kadioidi: zinasikia vizuri mbele, kidogo ubavuni, na nyuma karibu ziwe viziwi. Tumia ukiziwi huo. Kama kelele inatoka dirishani, mgongo wa maiki uelekee dirishani, na wewe usimame upande wa pili ukilitazama dirisha.

Kisha sogea. Kila unapopunguza umbali kwa nusu, mathalani kutoka sentimita 40 hadi 20, sauti yako inapanda kwa desibeli 6 huku mwangwi wa chumba ukibaki palepale. Hutumii hata senti moja. Angalia tu usikaribie mno, kwani kadioidi huongeza besi kadiri unavyoisogelea, na herufi P na B huanza kupasuka. Kiganja na nusu ni umbali mzuri wa kuanzia kwa kondensa. Kwa dainamiki, vidole vinne vinatosha.

5. Jaribu kwa sauti yako mwenyewe

Sauti nyembamba yenye S kali ikikutana na kondensa ya bei nafuu yenye mng'ao mwingi wa juu, msikilizaji ataumia masikio. Sauti nzito ya kifuani ikiingia kwenye maiki yenye besi nyingi, maneno yatazama. Ndiyo maana maiki iliyompendeza rafiki yako inaweza kukukataa wewe.

Azima maiki mbili au tatu, kutoka kanisani, kwa produsa wa mtaani, kwa bendi ya harusi. Imba ubeti uleule, kwa umbali uleule, kwa nguvu ileile. Kisha sawazisha sauti za rekodi zote ziwe na ukubwa mmoja kabla ya kulinganisha, maana sikio hupenda kilicho kikubwa na kukidhania ni kizuri.

Usiidharau dainamiki kwa kuwa ni nafuu. Fundi sauti Bruce Swedien aliitumia Shure SM7, ambayo ni dainamiki, kurekodi sauti ya Michael Jackson katika albamu ya Thriller ya mwaka 1982, ingawa studio ilikuwa na kondensa za gharama kubwa. Alichagua iliyomfaa mwimbaji wake.

6. Kwaya haihitaji maiki kwa kila mwimbaji

Nyanda za Juu ni nchi ya kwaya. Wamisionari wa Kimoravian walifika Rungwe mwaka 1891, na leo uimbaji wa sauti nne, yaani soprano, alto, teno na besi, unasikika kila Jumapili kuanzia makanisa ya Moravian na Kilutheri hadi ya Kikatoliki. Hata hivyo rekodi nyingi za kwaya hufanywa kwa kuwaingiza waimbaji wawili wawili kwenye chumba kidogo, na ule mchanganyiko wa sauti uliowatoa watu machozi ibadani unapotea.

Jaribu kurekodi kwaya nzima kanisani. Tafuta kondensa mbili ndogo za aina moja, zile nyembamba zenye umbo la kalamu nene. Zifunge kwenye stendi ndefu, juu kidogo ya vichwa vya mstari wa mbele, mita mbili au tatu mbele ya waimbaji, karibu na anaposimama mwalimu. Vinywa vyake viwe umbali wa sentimita 17, vimefunguka kwa pembe ya digrii 110. Vipimo hivyo vilibuniwa na shirika la utangazaji la Ufaransa, na vinampa msikilizaji hisia kwamba amekaa kiti cha mbele.

Mkao wa waimbaji ndio miksi yako. Besi wakizidi, warudishe nyuma hatua moja. Soprano mmoja akitoboa, msogeze pembeni. Radio Tanzania Dar es Salaam ilirekodi bendi nyingi za dansi kwa namna hii, wanamuziki wote wakipiga pamoja studioni, na nyimbo hizo bado zinapigwa leo.

7. Ngoma na ligombo vina mahitaji tofauti

Ing'oma ya Wanyakyusa hupigwa kwa nguvu inayotikisa kifua. Kwa ngoma kubwa kama hizo tumia dainamiki, kwa mfano Shure SM57, kiganja kimoja au viwili kutoka kwenye ngozi, ikitazama sehemu iliyo kati ya kitovu cha ngozi na ukingo. Punguza gaini, yaani kiwango cha kukuza sauti, kabla hamjaanza, kwa kuwa mpigaji akishapandwa na mori atapiga zaidi ya alivyopiga kwenye majaribio.

Ligombo la Wahehe ni kinyume chake. Ni ala ya nyuzi zilizotandazwa juu ya ubao uliochongwa, yenye kibuyu cha kukuza sauti, na mlio wake ni wa chini. Hapa unahitaji kondensa yenye utulivu wa ndani, umbali wa sentimita 30 hivi, ikielekea kati ya nyuzi na kibuyu. Mpigaji akiimba pia, panda juu kidogo hadi usikie uwiano mzuri wa sauti na nyuzi.

Hugh Tracey aliyezunguka Tanganyika mwaka 1950 akirekodi muziki wa makabila, Wahehe wakiwemo, alikuwa na desturi ya kushika maikrofoni mkononi na kuisogeza kufuata muziki. Rekodi zake zinasikilizwa hadi leo. Wazee wanaojua kupiga ligombo wanapungua, na kijana mwenye kondensa moja nzuri na mchana mmoja mtulivu anaweza kutuhifadhia kitu ambacho pesa haitanunua baadaye.

8. Soma namba tatu, nyingine ziache

Karatasi ndani ya boksi imejaa takwimu. Tazama hizi:

Masafa. Sikio la binadamu husikia kuanzia hezi 20 hadi 20,000. SM58 inafika hezi 50 hadi 15,000, na inatosha kwa sauti ya kuimba. Kondensa nyingi hutangaza 20 hadi 20,000.

Kelele ya ndani. Ni mfoko ambao maiki yenyewe huutoa hata pakiwa kimya. Rode NT1-A ina desibeli 5, Audio-Technica AT2020 ina 20. Kwa mrapa tofauti hiyo haitasikika. Kwa ligombo au gita la taratibu, itasikika.

Ukubwa wa sauti inaoweza kubeba. Ukirekodi ngoma au tarumbeta, tafuta kondensa inayovuka desibeli 130. AT2020 hufika 144.

Namba hizo hazikuambii maiki inasikika vipi. Zinakuonyesha tu kama itaiweza kazi.

9. Nunua maiki pamoja na ndugu zake

Maiki peke yake haifanyi kazi. Bajeti yako igawe kwa maiki, saundi kadi, waya wa XLR, stendi imara, kiwambo cha kuzuia pumzi na hedifoni zinazofunika masikio. Ukitumia pesa yote kwenye maiki na ukaishika mkononi wakati wa kurekodi, kila mtikisiko wa vidole utaingia kwenye wimbo.

Hakikisha saundi kadi inatoa volti 48 za kweli kama unachukua kondensa. Kwa upande wa dainamiki, uliza kuhusu gaini: Shure SM7B huhitaji karibu desibeli 60, na saundi kadi dhaifu ikifunguliwa hadi mwisho itakupa mfoko mwingi kuliko sauti.

Maiki ya USB inaingia moja kwa moja kwenye kompyuta bila saundi kadi. Inamfaa mtunzi anayehifadhi mawazo au anayeimba peke yake. Ukiwa na ndoto ya kurekodi watu wawili au kwaya, anza na maiki ya waya wa XLR na saundi kadi.

Umeme nao uangalie. Mvumo ukisikika, chomoa chaja na uiache kompyuta itumie betri yake. Mara nyingi mvumo hukatika hapohapo. Malori yakitikisa sakafu, washa kitufe cha kukata besi kwenye maiki, au kata chini ya hezi 80 kwenye programu.

10. Jihadhari na maiki bandia

SM58 ni kati ya maiki zinazoghushiwa zaidi duniani, na maboksi yake bandia yanavutia macho kweli. Halisi ina uzito wa gramu 298 hivi. Bandia nyingi ni nyepesi. Fungua kichwa chake, tazama kazi ya ndani, tikisa taratibu usikie kama kuna kitu kinacheza. Bei ikiwa robo ya ile ya maduka yanayoaminika, umeshapata jibu.

Maiki ziitwazo BM-800 zimejaa madukani. Nyingi zina kapsuli ndogo, yaani sehemu inayonasa sauti, ndani ya ganda kubwa, na waya wake wa jeki ya milimita 3.5 huzilisha umeme mdogo wa kompyuta. Zinaweza kumfundisha anayeanza, mradi azilipie bei ya kujifunzia na asizichukulie kama maiki za studio.

Unapoagiza Kariakoo na mzigo kuja kwa basi, omba muuzaji arekodi kwa maiki yenyewe akitaja namba iliyoandikwa juu yake, akutumie faili kabla hujalipa. Mwombe pia ahadi ya maandishi ya kubadilishiwa. Dukani, beba kompyuta na hedifoni zako. Muuzaji mkweli atakupa nafasi ya kujaribu.

11. Ilinde na ukungu, baridi na vumbi

Mbeya na Iringa zote ziko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi za Juni na Julai ni za baridi kali. Ukiitoa kondensa kwenye baridi na kuiingiza kwenye kanisa lililojaa watu, unyevu hutua kwenye utando, na maiki huanza kuchakacha. Iache ndani ya mfuko wake hadi izoee joto la chumba, ndipo uiwashe.

Ihifadhi kwenye kopo au boksi lisilopitisha hewa pamoja na vifuko vya silika, vile vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Kiangazi, upepo wa Iringa hubeba vumbi jekundu. Maiki isiyotumika isikae wazi kwenye stendi, ivike hata mfuko safi. Usiipulize kwa mdomo kuijaribu. Sema maneno, au sugua vidole taratibu karibu nayo.

12. Ukiwa na pesa ya maiki moja tu

Mrapa au mwimbaji anayeishi nyumba ya kupanga yenye majirani na bodaboda achukue dainamiki halisi, SM58 au SM57. Itarekodi sauti, gita na ngoma, na Jumamosi itakwenda naye jukwaani.

Mwenye chumba kimya, mablanketi na saundi kadi nzuri achukue kondensa kubwa ya kiwango cha AT2020, au apande hadi NT1-A kama anarekodi ala za taratibu. Kwaya iliyochanga fedha inunue jozi ya kondensa ndogo na stendi mbili ndefu, na mwalimu awe na hedifoni zake.

Kama bado unasita, azima maiki ya kanisani katikati ya wiki, inapokuwa haina kazi. Rekodi ubeti mmoja karibu na mdomo, kisha urudie kwa mbali, ukiwa na blanketi na bila blanketi. Sikiliza rekodi zote kwa hedifoni, kwa spika ya simu na ndani ya gari. Andika kasoro unazosikia, na orodha hiyo ndiyo uende nayo dukani. Muuzaji akikutajia majina, wewe mtajie mahitaji yako, na usitoe pesa mpaka uisikie sauti yako mwenyewe ikitoka kwenye ile maiki.